Jiko la gesi nyumbani: lipi la kusafisha mwenyewe na lipi la kumwachia fundi

Mimi ni fundi wa majiko ya gesi. Nimezaliwa na kulelewa Mombasa, nikajifunza kazi kwa mjomba wangu aliyekuwa akifunga majiko makubwa ya hoteli, na kwa miaka kadhaa sasa makao yangu ni Busia, mpakani na Uganda. Kutoka hapa naenda kokote ninakoitwa: Malaba, Bumala, Funyula, hadi Port Victoria kwenye ziwa.

Juzi niliitwa Sigalame, upande wa Samia, kwa mama mmoja mwenye jiko la mezani la bana mbili na mtungi wa kilo 13. Kwenye simu alisema jiko linatoa masizi tu, sufuria zote zimekuwa nyeusi kama za kuni. Nilipofika nikakuta jiko limetolewa jikoni, limewekwa barazani.

“Fundi, hili jiko lina nini? Nikipika maharagwe, hayajaiva kichwa kishaanza kuniuma. Nikitoka nje kinaacha.”

“Pole sana, mama. Na wajukuu hulala wapi?”

“Hapo hapo, nyuma ya pazia la jikoni.”

Nililifungua jiko nikaona mambo mawili. La kwanza, kijana wake alikuwa amepanua tundu la nozeli kwa msumari, kwa sababu moto ulikuwa mdogo naye alidhani gesi haipiti. La pili, pale mpira unapoingia kwenye regyuleta palikuwa pamefungwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Nikapaka povu la sabuni, povu likachemka kama uji. Kosa la kwanza lilikuwa likimtia mama yule sumu polepole. La pili lilikuwa likingojea kiberiti.

Kijana yule si mjinga. Alifanya alichoona wengine wanafanya. Wengi wetu tumefundishwa kuwasha jiko la gesi, hatukufundishwa kulitunza. Ndiyo maana nimeandika makala haya, ili kila mwenye jiko ajue kazi yake inafika wapi na ya fundi inaanzia wapi.

Gesi tunayopikia ni kitu gani

Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propeni na buteni. Ndani ya mtungi imebanwa mpaka ikawa maji. Ukitikisa mtungi utasikia yakicheza. Yakitoka nje hugeuka hewa na kutanuka zaidi ya mara 200. Kwa hiyo hata kijiko kimoja tu cha maji yale kikivuja hutoa gesi nyingi.

Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Propeni ni nzito kwa mara moja na nusu, na buteni kwa karibu mara mbili. Ikivuja haipandi darini, inashuka sakafuni, inatambaa chini ya kitanda, inatulia kwenye pembe na mashimo. Dirisha lililo juu peke yake halitoshi kuitoa. Mlango uliofunguliwa mpaka chini ndio unaosaidia.

Yenyewe haina harufu. Ile harufu ya kitunguu kilichooza tunayoijua hutiwa makusudi na wenye kuisambaza, ili pua itambue mapema. Na haihitaji kuwa nyingi: ikifika kama sehemu 2 katika kila 100 za hewa ya chumba, cheche yoyote yaweza kuilipua.

Sehemu kubwa ya gesi inayotumika Kenya huteremshwa bandarini Mombasa, kisha hupandishwa bara kwa malori. Kwa hiyo moto wa mama wa Sigalame na moto wa msomaji aliyeko Kisauni, Malindi au Lamu ni mmoja. Katika sensa ya mwaka 2019, karibu robo ya nyumba za Kenya zilisema gesi ndiyo moto wao mkuu wa kupikia. Hizo ni nyumba nyingi, na mafundi wenye ujuzi si wengi hivyo.

Viungo vya jiko

Kabla ya kusafisha, jua majina. Mtungi una mdomo wenye vali, na ndani ya mdomo huo mna raba ndogo nyeusi ya kuzuia gesi isivuje. Juu ya vali hukaa regyuleta. Ndani ya mtungi gesi ina nguvu makumi ya mara kuliko inayohitajika jikoni, na kazi ya regyuleta ni kuipunguza. Kutoka hapo gesi hupita kwenye mpira, unaobanwa kwa klipu kila upande, ikaingia kwenye jiko. Koki ndiyo unayoizungusha kwa mkono. Baada ya koki kuna nozeli, kijitundu chembamba cha shaba nyeupe au ya njano. Mbele ya nozeli kuna shingo ya bana, ambamo gesi huchanganyika na hewa, na mwisho ni bana yenyewe na kifuniko chake chenye matundu ya moto.

Meko, yaani ule mtungi wa kilo 6 wenye bana juu yake, ni tofauti kidogo. Bana hufungwa moja kwa moja kwenye vali, hakuna mpira. Viungo ni vichache, lakini sufuria na moto viko juu ya mtungi wenyewe, basi uangalifu wake ni mkubwa zaidi.

Kazi ya mwenye nyumba: usafi

Jiko lisafishwe likiwa limepoa na mtungi umefungwa. Si kwenye koki ya jiko peke yake, bali kwenye regyuleta au vali. Ukikosea ukagusa koki huku unasugua, gesi isipate njia.

Kila ukimaliza kupika, futa kilichomwagika. Maziwa, uji na mchuzi vikikauka juu ya bana huziba matundu, na mafuta ya kukaangia samaki huganda yakashika vumbi. Tumia kitambaa chenye maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo. Usimwagie jiko maji. Maji yakiingia kwenye shingo ya bana, moto utacheza na chuma kitashika kutu.

Mara moja kwa wiki, toa vifuniko vya bana, viloweke kwa maji ya moto yenye sabuni kwa nusu saa, kisha visugue kwa mswaki wa zamani. Matundu ya moto yazibue kwa kijiti cha meno. Vianike mpaka vikauke kabisa kabla ya kurudisha. Vikirudishwa na maji, moto utatoa rangi ya njano na kurukaruka, nawe utadhani jiko limeharibika. Hakikisha kifuniko kimekaa sawasawa mahali pake. Mara nyingi naitwa kutengeneza jiko ambalo kasoro yake ni kifuniko kilichokaa upande tu.

Wasomaji wangu wa Pwani wana adui mwingine, nayo ni chumvi ya bahari. Hewa ile hula bana za chuma na kitako cha mtungi. Usiuweke mtungi juu ya sakafu yenye unyevu, uinulie kibao. Ukiona kutu imeanza kutoa magamba, rudisha mtungi huo kwa muuzaji, usiupake rangi kuficha.

Huku Busia na Samia adui ni wadudu. Mvua ni nyingi, na jiko likikaa wiki mbili bila kuwashwa, buibui huingia kwenye shingo ya bana wakatanda utando, na nyigu wa udongo hupenda vijitundu vya namna ile kujengea watoto wao. Gesi ikikuta utando haipiti vizuri, hurudi nyuma na moto waweza kuwaka chini ya jiko, karibu na koki. Kwa hiyo ukirudi safarini, au ukifungua jiko lililokuwa stoo, chungulia shingo ya bana kwanza kwa tochi ya simu.

Kazi ya mwenye nyumba: povu la sabuni

Hiki ndicho kipimo bora kabisa, na bei yake ni kijiko cha sabuni. Changanya sabuni ya vyombo na maji kidogo kwenye kikombe mpaka yatoe povu. Fungua gesi kwenye mtungi, koki za jiko zikiwa zimefungwa. Paka povu kwa brashi au kitambaa: mdomo wa mtungi, regyuleta, kila klipu, urefu wote wa mpira, na pale mpira unapoingia kwenye jiko. Subiri dakika moja. Povu likivimba au kutoa mapovu mapya, hapo panavuja.

Usipime kwa kiberiti. Nimeona watu wazima wakipitisha njiti ya moto kwenye regyuleta “kuhakikisha”. Anayefanya hivyo hupata jawabu mara moja, na huenda lisimpe nafasi ya kuuliza tena.

Fanya kipimo hiki kila unapobadilisha mtungi, na angalau mara moja kwa mwezi. Kama uvujaji uko mdomoni mwa mtungi, toa regyuleta uangalie ile raba ndogo ipo, haijapasuka wala kupinda. Ikiwa imeharibika, rudisha mtungi dukani. Kama uko kwenye klipu, kaza kwa bisibisi upime tena. Ukiwa kwenye mpira wenyewe, mpira huo umekwisha. Haufungwi selotepu, haufungwi tyubu ya baiskeli, haukatwi kipande ukaungwa. Hununuliwa mwingine.

Mpira ulio mzima ni laini. Ukiukunja ukaona nyufa, ukawa mgumu kama kamba iliyokauka, au umeshika alama ya kuungua, badilisha hata kama hauvuji leo. Mingi huwa imechapwa mwaka ilipotengenezwa. Mimi huibadilisha ikitimiza miaka 3, na kwa jikoni za kukaanga kutwa huibadilisha mapema zaidi. Usiupitishe nyuma ya jiko pale moto unapoufikia, wala usiufiche ndani ya ukuta ambapo huwezi kuuona. Na panya huutafuna, basi uangalie hasa upande wa sakafuni.

Soma rangi ya moto

Moto mzuri wa jiko la gesi ni wa buluu, umetulia, na unasikika kama mvumo mdogo. Ncha ya njano ya mara moja moja si neno. Moto wote ukiwa wa njano au mwekundu, sufuria zikapata masizi, maana yake gesi haipati hewa ya kutosha.

Hapo ndipo inapotoka kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Ukiivuta hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mwili hubaki na njaa ya hewa huku mtu anapumua. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, na watu wengi hudhani ni malaria. Alama ya kuzitofautisha ni ile aliyonieleza mama wa Sigalame bila kujua: akitoka nje kichwa kinaacha. Homa haiachi kwa kutoka nje. Na ikiwa nyumba nzima inaumwa kichwa pamoja, usiende dukani kununua dawa. Zima moto, fungua milango, toka nje na watoto, na anayezidiwa apelekwe hospitali.

Kwa sababu hiyo, hata jiko lililo zima lisipikiwe kwenye chumba kilichofungwa. Wengi wetu tumepanga chumba kimoja, jikoni na kitandani ni mapazia. Fungua mlango au dirisha kabla ya kuwasha, si baada ya kusikia joto. Wala usiwashe jiko la gesi kuota moto usiku wa mvua kisha ukalala.

Kazi ya kumwachia fundi

Mambo yafuatayo usiyaguse, wala usimpe kijana mwenye bisibisi.

Nozeli. Tundu lake limepimwa kwa gesi ya aina fulani na nguvu fulani. Ukilipanua kwa sindano au msumari, gesi itapita nyingi kuliko hewa inayoweza kuichoma, na moto utakuwa wa njano milele. Nozeli iliyoziba hutolewa kwa spana, huoshwa, hupulizwa, na ikishindikana huwekwa nyingine ya kipimo kile kile. Jiko la Sigalame nilibadilisha nozeli zote mbili, na moto ukarudi buluu papo hapo.

Koki. Ikiwa ngumu kuzunguka au inavuja nyuma yake, inataka kufunguliwa na kupakwa grisi maalumu inayovumilia joto na gesi. Mafuta ya kupikia au grisi ya gari hukauka, kisha koki hukwama ikiwa wazi.

Regyuleta. Haifunguliwi wala kutengenezwa. Ikiharibika hutupwa. Jihadhari na zile za nguvu kubwa zenye kitasa cha kuongezea presha, zinazotumika kwenye majiko ya chapati na hotelini. Ukiifunga kwenye jiko la nyumbani, moto utaruka juu ya bana na mpira utabeba nguvu usiyoiweza.

Jiko lililotoka ng'ambo. Huko Mombasa majiko yaliyotumika Ulaya huuzwa sana, mazuri na yenye oveni. Mengi yalitengenezwa kwa gesi asilia ya mabomba, kama ile inayochimbwa Songo Songo karibu na Kilwa na kufikishwa kwenye baadhi ya nyumba za Dar es Salaam. Gesi ya mtungi ina nguvu karibu mara mbili na nusu ya gesi asilia kwa ujazo ule ule, kwa hiyo nozeli zake ni nyembamba zaidi. Jiko hilo likifungwa kwenye mtungi bila kubadilishwa nozeli, utapata moto mrefu wa njano na masizi. Uliza kabla ya kununua, na lete fundi kabla ya kuwasha.

Ukimwita fundi, mwangalie anavyofanya. Fundi wa kweli hufunga gesi kwanza, hufungua mlango, na akimaliza hupima povu mbele yako kabla ya kuomba pesa. Akiwasha kiberiti kutafuta uvujaji, mshukuru umwage.

Mtungi, mizani na mpaka

Sisi wa mpakani tuna shida yetu. Mtu hununua popote anapoona nafuu, upande huu au ng'ambo ya pili. Nimekutana na mitungi iliyovushwa ambayo mdomo wake haulingani na regyuleta ya nyumbani, na mwenyewe ameilazimisha kwa kiungo cha kuchonga au kwa kuzungushia plastiki. Regyuleta na vali lazima vikae vyenyewe, bila nguvu na bila kusaidiwa. Vikikataa, havikuumbiwa pamoja. Kama jiko lako liko Kenya, nunua mtungi na regyuleta zinazolingana, na ubaki na aina hiyo. Bana ya meko nayo hukazwa kwa mkono tu. Ukitumia spana unaponda ile raba ya ndani.

Shida ya pili ni wanaojaza gesi uchochoroni, kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo. Kanuni za gesi za mwaka 2019 nchini Kenya hazimruhusu mtu kujaza mtungi wa kampuni nyingine bila idhini ya mwenye chapa, na biashara hiyo yataka leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli. Sheria hiyo si ya kuwalinda matajiri tu. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, gari lililobeba gesi lililipuka katika kituo cha kujazia kisicho na kibali huko Embakasi, Nairobi. Watu walipoteza maisha, zaidi ya 200 walijeruhiwa, na nyumba za majirani ziliungua. Majirani hao hawakuwa wamenunua gesi pale. Walikuwa wamelala.

Mtungi uliojazwa uchochoroni mara nyingi hupunjwa, na mwingine hujazwa kupita kiasi, jambo lililo hatari zaidi, kwa sababu ndani panatakiwa pabaki nafasi ya gesi kutanuka jua likipiga. Dawa ni mizani. Kila mtungi umegongwa uzito wake ukiwa mtupu. Ongeza kilo 6 au 13 kulingana na mtungi wako, na jumla hiyo ndiyo mizani inayopaswa kusoma. Muuzaji mwaminifu hachukii kuombwa mizani. Angalia pia kizibo cha dukani kiwe hakijafunguliwa.

Mtungi ukae wima daima. Ukilazwa, yale maji ya gesi huweza kuingia kwenye regyuleta na kutoka kwa nguvu kubwa. Hata ukiwa umekaribia kuisha, usiulaze kutafuta gesi ya mwisho. Na ukitaka kujua kilichobaki, mimina maji ya moto ubavuni, kisha pitisha mkono: pale panapobadilika kuwa baridi ndipo gesi ilipofika.

Kwa jamaa zetu wenye moto wa gesi wa kuota

Baadhi ya wasomaji wako Uingereza, Ulaya na Marekani, na wengine wamejenga nyanda za baridi kama Limuru. Nyumba hizo zina meko ya gesi ya kuotea, yaliyojengwa ukutani sebuleni, yenye kioo mbele na magogo ya udongo yanayofanana na kuni. Mambo ni yale yale, ila kwa tofauti tatu.

Kwanza, moto wake mara nyingi hutengenezwa uwe wa njano ili upendeze, kwa hiyo rangi peke yake haikuambii kitu. Tazama masizi kwenye kioo, kwenye magogo na ukutani juu yake. Pili, moshi wake hupita kwenye dohani au bomba, na ndege hujenga viota humo wakati wa joto. Dohani ikiziba, sumu yote hurudi sebuleni. Tatu, magogo yale yamepangwa kwa kipimo. Ukiyatoa kuyafuta vumbi ukayarudisha ovyo, moto utagonga gogo na kutoa masizi. Wewe futa kioo kikiwa kimepoa na ondoa vumbi la nje, mengine yote ni ya fundi, mara moja kila mwaka kabla ya baridi kuingia. Weka pia king'ora cha kaboni monoksaidi.

Uingereza sheria ni kali. Fundi wa gesi lazima awe amesajiliwa kwenye Gas Safe Register, iliyoanza kazi mwaka 2009, na una haki ya kumwomba kitambulisho chake mlangoni. Mwenye nyumba ya kupangisha lazima vifaa vyake vya gesi vikaguliwe kila miezi 12 na mpangaji apewe karatasi ya ukaguzi. Jamaa yangu aliyepanga huko aliniambia aliona usumbufu fundi kuja kila mwaka. Nikamwambia huku kwetu, katika kazi yangu yote, sijaitwa hata mara moja na mwenye nyumba kukagua jiko la mpangaji. Huitwa na mpangaji, na huitwa baada ya jambo kutokea.

Ukisikia harufu ya gesi

Usiwashe wala kuzima taa, kwani swichi hutoa cheche kote kuwili. Usiwashe feni, usipige simu ukiwa ndani. Zima moto wowote ulio karibu, hata jiko la makaa la jirani. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, toa watu nje. Ukiweza kuubeba mtungi salama, upeleke mahali wazi, mbali na mtaro. Usirudi mpaka harufu imekwisha kabisa, na usiwashe tena kabla ya kupima povu.

Moto ukishika kwenye regyuleta nawe waweza kuifikia bila kuungua, funika mkono kwa kitambaa kilicholowa ufunge vali. Ukishindwa, acha vitu vyote ukimbie na watu wako, uite msaada ukiwa mbali. Aliyeungua mwagieni maji safi ya baridi, si ya barafu, kwa dakika 20, kisha hospitali. Dawa ya meno, mayai, chumvi na mafuta ya kupikia visiguse kidonda.

La mwisho

Kwa mama wa Sigalame niliweka nozeli mbili, mpira mpya, klipu na regyuleta. Vyote pamoja, na ujira wangu, havikufika bei ya kujaza mtungi wake mara moja. Jiko likarudi jikoni, lakini tuliuhamishia mtungi upande wa mlango, mbali na pazia la watoto. Kijana wake nilimwonyesha namna ya kupima povu, naye akapima mwenyewe mara mbili nikiangalia. Nilimwambia nozeli aniachie mimi.

Nawe msomaji, leo jioni kabla ya kupika, changanya sabuni kwenye kikombe upake kutoka mdomo wa mtungi hadi kwenye jiko. Kisha tazama rangi ya moto wako. Na wewe mwenye nyumba za kupangisha, iwe ni Busia, Malaba, Likoni au Mtwapa, mlete fundi mara moja kwa mwaka apite chumba hadi chumba. Wapangaji wako wamelala ukuta kwa ukuta, na jiko bovu la mmoja ni la wote. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa gesi huenda usipate hata wa kumjengea.